Kila Alhamisi Mashine Huugua

Aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita asipate tabu, nitamweleza kwa pumzi moja. Naitwa Télesphore, mtoto wa Bukavu. Bujumbura nilikuwa mpiga chapa katika ghala la bidhaa, na mwaka wa tisini na tano mji ulipochafuka nilikimbia na vyeti viwili na suruali tatu. Nilifika kambi ya Dzaleka, huku Malawi, na vyeti viwili na suruali moja. Kisha nikadanganya kwamba mimi ni mhandisi wa kompyuta. Bambo Chimkono, na bambo kwao ni bwana, mwenye duka la jumla la mabati na majembe pale Mchesi, Lilongwe, akaniamini.

Wiki iliyopita nilikomea pale nilipoanza kukiri. Leo nakiri yote, na mkinicheka nitakuwa nimestahili.

Ile kompyuta ya Bambo ilikuwa na programu ya kuendeshea biashara. Mabati mangapi yameingia, majembe mangapi yametoka, nani kaagiza misumari, vyote vilikaa humo. Lakini programu haikubali kuandika chochote mpaka mtu aifungulie kipindi, yaani aiambie kazi inaanza tarehe hii na kuishia tarehe ile. Watu wenye akili timamu hufungua mwaka mzima.

Mimi nilikuwa nafungua siku saba.

Basi kila Alhamisi asubuhi maandishi mekundu yalijitokeza kwenye kioo. Yalikuwa ya Kiingereza, ila nitawapa kwa lugha yetu: KIPINDI KIMEFUNGWA, HAKUNA KINACHOWEZA KUINGIZWA. Mai Nasiyaya, yaani Mama Nasiyaya, karani wa duka, alikuwa anaondoa mikono mezani kana kwamba meza imepata moto. Bambo alikuwa anasema, "Mwite Injinia." Na Injinia alikuwa tayari barabarani, juu ya matola, lile gari la mizigo linalobeba na watu, amekaa kwenye magunia ya mahindi na karatasi ya ruhusa mfukoni.

Mnauliza kwa nini. Jibu ni hiyo karatasi. Mkimbizi hatoki Dzaleka bila karatasi, na karatasi haiandikwi bila sababu. Sababu yangu ilikuwa ugonjwa wa mashine. Mashine ikipona, nami nimekwisha. Kambini nilikuwa namba kwenye kadi ya posho. Alhamisi saa nne, Mchesi, nilikuwa Injinia, na niliwekewa chai ya maziwa na mkate wenye siagi. Sitawadanganya tena: kwa ule mkate ningefanya mabaya zaidi.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa katikati ya Februari, mwaka wa tisini na sita. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne mfululizo. Nilifika nimelowa, nikaomba bisibisi, nikaomba watu wanyamaze. Hayo yalikuwa sehemu ya matibabu. Huwa nafungua kifuniko, napuliza vumbi, naweka sikio, natikisa kichwa. Mai Nasiyaya alipenda sana pale pa kutikisa kichwa.

Siku hiyo sikufika hata kwenye kupuliza. Bambo Chimkono aliingia ofisini akafunga mlango.

"Injinia," alisema, kwa kile Kiingereza chake cha polepole, "mtu mgonjwa huugua siku yoyote. Hii yangu inaugua Alhamisi tu. Nimehesabu. Alhamisi saba."

"Ndiyo, Bambo."

"Mashine haina kalenda."

Ilikuwa nayo, ila sikumsahihisha.

"Kuna mtu anaichokoza Jumatano jioni tukishaondoka. Anayelala humu ni nani?"

Anayelala humu alikuwa Djuma Tambwe. Hapo, msomaji, nilipaswa kutetemeka. Kumbe nilifurahi. Kwa muda wa kumeza mate mara moja nilifurahi kabisa, kwamba anatafutwa mtu na mtu huyo si mimi.

Kisha aibu ikanishika, maana lazima mjue Djuma ni nani. Ni mtu wa Kindu, Mwislamu wa kweli, aliyekuwa anauza vitenge Buyenzi, kule Bujumbura. Tulikimbia pamoja. Homa iliponiangusha njiani, yeye ndiye aliyebeba begi langu juu ya mzigo wake, na hajawahi kulitaja. Kwa Bambo alikuwa mtunza stoo na mlinzi. Alilala dukani Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi akarudi kambini kwa mkewe Kibibi na watoto wanne. Karatasi yake ya ruhusa ilikuwa ya mwaka mzima, na ile familia yote iliishi juu ya karatasi hiyo. Na aliyenipeleka kwa Bambo, akanisifu mpaka nikapata kazi, ni yeye huyo huyo.

"Mai Nasiyaya amemwona," Bambo aliendelea. "Alisahau mwavuli, akarudi jioni, akamkuta amesimama mbele ya kioo kinawaka. Utamwuliza kwa lugha yenu. Nataka jibu moja tu, ameigusa au hajaigusa. Kama ameigusa, anarudi kambini leo hii, na ninamwandikia mkuu wa kambi aifute karatasi yake."

Alikwisha kuitoa kalamu.

Djuma aliitwa. Aliacha viatu mlangoni kama kawaida yake, akaingia na midomo iliyokauka kwa saumu. Ilikuwa siku ya ishirini na tano ya Ramadhani.

"Injinia, masini imegonjwa tena?" aliniuliza.

"Yaya Djuma, Bambo anauliza kama unagusaka hii masini." Kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto.

"Mi? Niguse masini ya bei ile? Hapana."

Nilimgeukia Bambo haraka. "Anasema hapana."

"Mwulize basi Mai Nasiyaya aliona nini."

Nikamwuliza. Djuma aliangalia vidole vya miguu yake kwanza.

"Ile njo kweli," alisema, na njo ya kwetu ni ndiyo ya kwenu, "naiwashaka. Kuwasha tu. Naona saa, nazima."

"Saa ya nini, yaya?"

"Ya kufungulia, mudogo yangu. Mule stoo hakuna dirisha. Mvua iko napiga mabati, adhana ya musikiti wa soko siisikie. Saa ya ukuta ilikufa tangu Noeli. Na ile saa yangu unajua ilibakia wapi."

Nilijua. Tuliuza saa zetu Kigoma, siku moja, kwa mtu mmoja, tukanunua unga.

"Basi jioni nawasha, naangalia kwenye kona ya kioo. Ikisema imefika, nakula tende, nakunywa maji, nazima. We njo ulisema ile siku, mbele ya Mai, kama saa ya hii masini sasa inapita hata ya redio. Nikasema Mungu asifiwe. Inakuwa juma mbili sasa."

Wiki mbili. Nikakumbuka.

Wiki mbili nyuma, katika yale maonyesho yangu ya bisibisi, nilichomoa kitu kidogo cha duara ndani ya mashine kwa sababu kilikuwa kinang'aa. Nilipokirudisha, saa ya mashine ilikuwa imesimama, na kioo kikaniuliza: ni saa ngapi? Mimi sina saa. Bambo hakuwepo, Mai Nasiyaya hana saa. Kuuliza mtaani ningeaibika, injinia gani anauliza saa barabarani. Nikachungulia nje nikaona mawingu. Nikasikiliza njaa. Njaa ilisema saa tano kasorobo. Nikaandika saa tano kasorobo, kisha nikajigamba kwamba inapita ya redio.

Nilitupa jicho kwenye kona ya kioo. Saa nne na dakika thelathini na nane. Nikatupa jicho kwenye mkono wa Bambo, ile saa yake kubwa ya mkanda wa chuma. Saa nne na dakika ishirini.

Dakika kumi na nane. Rafiki yangu alikuwa anakula tende mchana kweupe kwa muda wa wiki mbili, na kuniombea dua juu yake.

"Anasema nini?" Bambo aliuliza.

"Anasema huiwasha kutazama saa tu. Ili ajue muda wa kufuturu."

"Kwa hiyo ameigusa."

"Kuwasha si kugusa, Bambo."

"Ameiwasha kwa kuisemesha?"

Bambo alivuta karatasi, akaandika tarehe, akaandika kwa mkuu wa kambi, kisha akainua kichwa.

"Jina lake linaandikwaje?"

Haya, msomaji, hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Nilimtajia. Herufi kwa herufi. Ile D ya mbele aliitilia shaka, nikamhakikishia kwamba ipo. Nilikuwa najisemea kwamba nikimaliza kutaja jina nitasema ukweli, halafu nikamaliza kutaja jina na sikusema.

Djuma alikuwa anaifuata kalamu kwa macho.

"Anaandika nini?" alininong'oneza.

"Jina lako, yaya."

Uso wake ukafunguka. "Njo mambo ya mushahara? Nilimwambia Kibibi, huyu muzee ataniongeza mbele ya Idi. Kibibi alikataa. Mwambie zikomo. Mwambie sana."

Mtu anaweza kuvumilia mengi. Nimelala nje, nimekula majani ambayo mbuzi angeyafikiria mara mbili. Lakini ile zikomo, ile asante ya Kichewa, sikuweza kuifikisha.

"Bambo," nilisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayeitia ugonjwa. Kila Alhamisi. Djuma hajui hata pa kubonyeza."

Bambo Chimkono aliweka kalamu chini akacheka kwa roho safi. Alicheka mpaka akajipangusa macho.

"Nyinyi watu wa Zaire mnabebana," alisema. "Mmoja akiiba kuku, wote mnasema mmemla. Nakusifu kwa hilo. Lakini wewe ni Injinia, na injinia hawezi kuharibu kazi yake mwenyewe."

Wiki zote zile nilikuwa nadanganya na kuaminiwa. Siku nimesema kweli, nikasifiwa kwa uongo mzuri. Alichukua tena kalamu.

"Nitakuonyesha," nilisema.

Nilikaa mbele ya mashine. Sikuomba bisibisi wala kimya. Nilibonyeza mara tatu, nikafika pale ambapo sikuwahi kumruhusu mtu kuchungulia, nikamwekea kidole kwenye kioo. Kipindi kinaanza, tarehe nane Februari. Kipindi kinaisha, tarehe kumi na nne Februari. Nikafuta kumi na nne Februari nikaandika thelathini na moja Desemba. Maandishi mekundu yakaondoka.

"Mai, andika misumari," nilisema.

Mai Nasiyaya alikuja akaandika kilo mbili za misumari. Mashine ikapokea. Akaandika jembe moja. Ikapokea. Akaniangalia kama mtu aliyegundua kwamba mganga wake huchota dawa bombani.

Bambo aliinamia kioo, akaisoma ile tarehe mpya.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Bambo."

"Dakika moja."

"Nusu."

"Na kupuliza ndani?"

"Vumbi lilikuwepo kweli."

"Na kuweka sikio?"

Nikaiweka bisibisi mezani.

"Na mikate ile yote?"

"Mikate ilikuwa mizuri sana, Bambo. Asante."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliivuta ile barua, akapitisha mstari mmoja juu ya jina la Djuma, akaandika jina langu juu yake. Langu hakuuliza linaandikwaje, alikwisha kuliandika kwenye karatasi saba za ruhusa. Alinisomea alichoandika: kwamba mtu huyu asipewe tena ruhusa ya kutoka kambini kwa jina la duka lake, na kwamba maduka mengine yaonywe.

Mtanishangaa, lakini nilijisikia mwepesi. Djuma alikuwa amesalia na kazi yake, karatasi yake ya mwaka iko salama, watoto wake wanne wataendelea kula. Mimi nitarudi kuwa namba, lakini namba safi. Nilijiona mtu mwema sana, mpaka nikawaza jinsi nitakavyomsimulia padri.

Djuma hakuwa ameelewa neno la Kiingereza, lakini mstari juu ya jina aliuona.

"Amelikata jina langu," alisema.

"Alitaka kukufukuza, yaya. Alifikiri we njo unaharibu masini. Nimemwambia kama ni mimi."

Nikamweleza yote ya siku saba, kwa kifupi, nikiangalia ukuta. Alisikiliza. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ulifanya mubaya," alisema. "Lakini umeniokoa. Mbele ya Mungu nitakusemea."

Ningekuwa na bahati, hadithi ingeishia hapo. Lakini Bambo alikuwa anatazama kioo, kisha mkono wake, kisha kioo.

"Hata saa yake inadanganya," alisema. "Kila ulichokigusa humu kinadanganya. Irekebishe kabla hujatoka."

Akaninyooshea mkono wenye saa. Nikaandika saa nne na dakika arobaini na tatu. Palipokuwa na saa tano na dakika moja pakawa na saa nne na dakika arobaini na tatu, na Djuma alikuwa amesimama nyuma yangu.

Djuma Kiingereza hakijui. Namba anazijua vizuri mno, ameuza vitenge miaka ishirini.

"Imerudi nyuma," alisema.

"Ndiyo, yaya."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na nane."

Alirudi hatua moja nyuma. Akaanza kuhesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikitembea, kuanzia ile Alhamisi ya bisibisi hadi jana.

"Siku kumi na ine," alisema. "Nimekula jua lingali juu, siku kumi na ine. Ulijua?"

"Sikujua, yaya. Naapa. Nimejua sasa hivi."

"Ulijua kama hauna saa?"

Alikuwa ameuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei.

"Hilo nilijua," nilisema.

Akatikisa kichwa, na hakukuwa kama kule kutikisa kwangu kwa maonyesho. Bambo aliuliza tunasema nini, nikamwambia tunaagana.

"Zile siku zangu nitazilipa," Djuma alisema mwishowe. "Idi ikipita nitafunga moja moja. Mungu anajua mi sikukusudia. Ile ni yangu na yeye."

Nikaanza kupumua. Nikasema asante. Nikasema yaya, wewe una moyo. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Njo bale bengine sijui nitabaambia nini," alisema.

"Bengine gani?"

"Ba kambini."

Kofia ilikuwa mkononi. Nilibaki nimeishika.

"Ile saa ya musikiti wetu," Djuma alisema. "Ya ukuta, ya duara. Ilikuwa imesimama. Bazee balinipa niilete muji, niiwekee pile, betri yake. Basi ile Ijumaa nikaiwekea pile, nikaisimamisha hapa mbele ya masini, nikaipangia saa yako. Jumamosi nikairudisha. Bazee banauliza, Djuma, hii saa umeitoa wapi? Nikabaambia hii ni saa ya Injinia, ya ordinateri, ile masini ya Bambo, haidanganye. Balifurahi sana. Na hii mawingu, jua halionekane. Muadhini haangalie tena mbingu. Anaangalia ukuta."

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo nilimsikia vizuri, kila neno.

Bambo aliikunja barua akaitia kwenye bahasha. Nikanyoosha mkono. Akanipita akampa Djuma.

"Mwambie ampelekee mkuu wa kambi yeye mwenyewe, leo, kisha arudi kazini Jumatatu," alisema. "Na mwambie wewe sikuamini hata na bahasha."

Nilimtafsiria Djuma maneno hayo yote. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutafsiri bila kupunguza kitu.

Djuma aliitia bahasha ndani ya kanzu, akaenda mlangoni akavaa viatu.

"Kuna matola ya saa nane," alisema. "Tutafika jua lingali juu. Tutapita kwa mukubwa wa kambi na hii barua, kisha tutaenda musikitini. Utabaambia we mwenyewe, mbele ya saa ya kufungulia."

"Yaya, ukibaambia wewe si ni sawa? Wewe banakuzoea."

"Mi nilibaambia ni saa ya Injinia. Bataomba kumuona Injinia."

Nikatoka nyuma yake. Mai Nasiyaya alikuwa anaandika mauzo, mashine inapokea kila kitu, na hakuna aliyeinua kichwa. Barabarani nilijaribu kupiga hesabu ya mambo yangu. Karatasi ya kutoka sina tena, wala sitaipata. Nitaishi Dzaleka, nitachota maji Dzaleka, nitapanga foleni ya posho Dzaleka, mbele na nyuma yangu wakiwa watu wale wale.

"Yaya," nilimwuliza, "wanaofungulia kwa ile saa ni wangapi?"

Djuma alifikiri, maana si mtu wa kutia chumvi.

"Sijabahesabu," alisema. "Najua tu kama Jumamosi jioni viatu vinajaa baraza yote, vinashuka ngazi, vinafika hadi barabarani."